Sista wa Kuuliza Habari za Ngamia

Salaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Kama uko dukani Galbet, kama lori lako limekwama pale Modogashe unangoja fundi, kama uko jikoni unachambua mchele, punguza shughuli kidogo utupe sikio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Madina Guracha. Alikuwa muuguzi. Alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa mjini Garissa. Alitutoka mwezi uliopita, Mungu amrehemu.

Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Madina Guracha. Mkunga.

Katika kipindi hiki tumezoea kumsimulia marehemu kupitia watu waliompenda. Leo tunapita njia ya kando. Tutamsimulia kupitia mtu aliyemwonea wivu. Mtu huyo ni Lul Abdihafid. Naye ni mkunga, wodi ile ile, chumba kile kile. Lul yuko hai na ni mzima wa afya. Tulimwuliza kama tuyaseme haya hewani. Akajibu, "Semeni yote. Madina hakupenda chai ya nusu kikombe." Basi tunamimina mpaka juu.

Lul ni binti wa Garissa. Alizaliwa Galbet, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Kabla Madina hajaja, Lul ndiye aliyekuwa nyota ya wodi ile. Na alistahili. Lul aliamua kwa jicho. Mama aliingia mlangoni kwa miguu yake, anacheka na shemeji zake, na Lul alimtazama mara moja usoni na kwenye vifundo vya miguu akasema, "Huyu kitandani sasa hivi. Pimeni presha." Wakapima. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba yule mama angeweza kupata kifafa cha mimba pale pale kwenye benchi. Wenzake walisema Lul ana jicho la dalali wa mnada wa ng'ombe, yule anayemwona fahali akipita na kukuambia uzito wake hata kabla hajafungwa kamba.

Lul alizipenda sifa hizo. Nani asiyezipenda?

Kisha akaja Madina. Alihamishwa kutoka upande wa Wajir. Alikuwa binti wa mchungaji, mzee Guracha, na alikua akitembea nyuma ya ngamia kabla hajakaa kwenye dawati la shule. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini. Jambo la kwanza aliloomba wodini lilikuwa kigoda cha plastiki.

Kigoda hicho alikiweka kando ya kitanda cha kila mama aliyeingia. Alimpima kama inavyotakiwa, akasikiliza moyo wa mtoto, akaandika. Halafu aliketi, uso wake ukiwa chini kidogo ya uso wa yule mama, na kuanza salamu. Wasikilizaji, mnazijua salamu za kwetu. Hazina haraka. Hujambo wewe? Mama yako je? Mvua imefika kwenu? Malisho? Kisha mifugo. Ngamia je? Mbuzi je? Yule punda wa kubeba maji?

Lul alisimama nyuma, mikono kifuani.

"Abaayo, dada yangu," akamwambia siku moja mbele ya wodi nzima, "wewe ni sista ama ni ofisa wa mifugo?"

"Ni yote mawili," Madina akajibu bila kugeuka. "Ila mshahara ni mmoja."

Wodi ikacheka. Lul hakucheka. Alicheka alipofika nyumbani, peke yake jikoni, halafu akajikasirikia kwa kucheka.

Sasa sikilizeni siku wivu ulipoota mizizi. Alikuja mama mmoja kutoka malishoni. Mnajua wengi wa wanawake wetu wa huko hawapigi kelele wakishikwa na uchungu. Wamelelewa hivyo. Uso unakuwa kama maji ya kisimani, hayana wimbi. Lul alimtazama. Uso mtulivu, mikono mitulivu. Akaamua. "Huyu bado kabisa. Akae nje kivulini kwanza, vitanda vimejaa. Tutampima baadaye."

Madina alikuwa akipita na beseni. Alipofika kwenye kivuli cha mwarobaini wa uani, alisimama kumsalimu yule mama. Mama akaanza kujibu vizuri. Mbuzi wazima, alhamdulillahi. Weupe wamezaa, weusi bado. Ngamia... Akanyamaza. Akatazama mbali.

Madina akaliweka beseni chini na kuita, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Glavu. Njooni na kitanda cha magurudumu."

Mtoto alizaliwa kabla hawajafika chumbani. Alizaliwa salama kwenye kile kitanda, mlangoni, na baba mkwe aliyemleta yule mama alisimama kando amegeuza uso ukutani kwa heshima. Lakini wote walijua kwamba mtoto yule nusura azaliwe mchangani, kwa uamuzi wa Lul.

Baadaye Lul alimwuliza kwa ukali, maana aibu yake ilikuwa mbichi, "Ulijuaje?"

"Mwanamke wa malishoni hakatizi habari za mifugo yake bila sababu," Madina akasema. "Akikuhesabia mpaka mbuzi kilema, una muda wa kunywa chai. Akifika kwa ngamia akanyamaza, vaa glavu."

Hivyo ndivyo Madina alivyoamua mambo. Hakumtazama mtu akamaliza. Aliuliza, akangoja, akasikiliza mahali jibu linapokatikia.

Toka siku hiyo watu wakaanza kumtafuta Madina. Kina mama walishuka kwenye magari wakisema, "Nataka ile sista ya kuuliza mbuzi." Waliojifungua walirudi na maziwa ya ngamia kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, wakamwulizia. Madina aliwagawia wenzake wote, na Lul alipewa kikombe chake kama wengine. Maziwa ya mwenzako, mnajua ladha yake. Lul aliyanywa. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililomuudhi.

Nataka niseme jambo hapa kuhusu wivu. Wivu una macho makali. Waliompenda Madina walisema tu, "Alikuwa mtu mzuri." Ukiwauliza uzuri gani, wanakuna kichwa. Lakini Lul anakumbuka yote, maana aliyahesabu kama mtu anavyohesabu ng'ombe wa jirani. Lul ndiye aliyetuambia kwamba Madina alikishika kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto kwenye kiganja chake mpaka kipate joto, ndipo akakiweka tumboni mwa mama. Alituambia pia kwamba aligeuza viatu vya kila mama chini ya kitanda, vikatazama nje, ili akiamka avivae bila kuinama. Na yule mama mkwe mzee aliyeachwa nje getini, anayeogopa kuuliza, Madina alimfuata mwenyewe na kumletea habari.

Nilimwuliza Lul, uliyaonaje yote hayo?

"Nilikuwa natafuta kosa," akanijibu.

Na nikwambieni jingine. Baada ya muda Lul naye alianza kukipasha joto kile kipembe. Alifanya hivyo amempa Madina mgongo, ili asionekane.

Ikaja semina. Mwalimu Keynan, anayefundisha wauguzi chuoni, alikuja kuzungumza na wauguzi kuhusu namna mtu anavyofikia uamuzi kazini, na kama namna hiyo inahusiana na ubingwa wake. Walikaa ukumbini na chai na biskuti. Akawaambia kuna muuguzi anayepima kila upande kabla ya kuamua. Kuna anayefuata kile moyo wake unachomwambia papo hapo. Kuna anayengoja mwenzake aamue, yeye afuate. "Na kuna yule anayekimbia uamuzi," akasema, "mpaka uamuzi wenyewe umfuate wodini umkamate."

Ukumbi ulicheka. Kila mmoja alimtazama jirani yake.

Lul akainua mkono. "Mwalimu, kati ya anayeona mara moja na anayeuliza mpaka mdomo ukauke, nani bingwa?"

Wote walijua anamsema nani. Madina alitazama biskuti yake.

Mwalimu Keynan hakuwa mjinga. "Siwezi kukujibu kwa mtindo peke yake," akasema. "Anayeona, jicho lake limefundishwa na wagonjwa wangapi? Anayeuliza, anajua lini aache kuuliza? Mimi ningewauliza wote wawili swali moja. Ni siku gani mtindo wako ulikuangusha? Anayeijua siku yake huyo ameanza kuwa bingwa. Asiyeijua, namwogopa."

Lul alirudi nyumbani bila alichokitaka. Alitaka mshindi atajwe. Na siku yake aliijua, hata hakuhitaji kuitafuta. Ilikuwa ile ya mama chini ya mwarobaini. Siku ya Madina ilikuwa bado haijaja. Na Lul, Mungu amsamehe, aliingoja.

Lul ana binti mmoja, Iftin. Iftin hana mbuzi wala ngamia. Ni mtoto wa mjini kabisa, ana kibanda sokoni anachouzia madirac, yale magauni mapana mepesi, mashashi ya hariri ya kujifunga kichwani, viatu na manukato. Mume wake, Awil, hufuata bidhaa Mandera. Iftin alipopata mimba ya kwanza, Lul alijua jambo moja tu. Mjukuu huyu atampokea yeye kwa mikono yake. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimchagua Madina. Damu yake haiwezi kumchagua mwingine.

Walikuwa wanakula anjera na chai asubuhi, Iftin mzito, miguu juu ya mto.

"Hooyo," Iftin akasema, "siku yangu ikifika, nimemwomba Madina."

Lul aliendelea kukunja anjera yake. "Madina yupi?"

"Hooyo, Madina ni mmoja."

"Kwa nini? Mimi mikono yangu ina ukoma?"

"Mikono yako haina neno. Lakini wewe unaamua kabla sijamaliza kusema. Toka nikiwa mdogo. Nikisema tumbo, umeshaleta dawa ya kichwa."

"Na ulikuwa unapona."

"Nilikuwa napona," Iftin akakubali. "Lakini sikuwa nimemaliza kusema."

Wasikilizaji wapendwa, kuna maneno yanaingia kama mwiba wa mgunga. Madogo, na hayatoki.

Siku ya Iftin ikafika, mchana wa jua kali. Lul na Madina walikuwa zamu moja. Madina alimpokea Iftin, akampima, akakuta njia ndiyo kwanza imeanza kufunguka. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Akaandika yote. Akavuta kigoda chake. Lul alibaki upande wa pili wa pazia, akikunja mashuka ambayo hayakuwa kazi yake.

Madina akaanza salamu. Alipofika kwenye mifugo akakumbuka huyu ni wa mjini, akauliza habari za kibanda.

Iftin akafunguka. Alihesabu madirac ya manjano yaliyobaki, na ya kijani yaliyokwisha wiki ile ya harusi mbili. Akaja kwenye mashashi. Akamsema mteja aliyerudisha shashi lina harufu ya moshi na kuapa hajalivaa. Madina akacheka. "Endelea, mama." Iftin akaendelea. Akafika kwenye uunsi, ule ubani wa kufukizia nyumba, uliotoka Mandera na uliotoka kwingine, na upi unadanganya pua. Hakukatiza hata mara moja.

Kwa kipimo cha Madina, huyo alikuwa na muda. Amehesabu mpaka mbuzi kilema.

Lakini nyuma ya pazia, Lul alisikia kitu kingine. Iftin alipokuwa mdogo alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa punda, akavunjika mkono. Njia nzima kwenda hospitali aliongea habari za viatu vya shule. Hakulia. Aliongea. Iftin akiumia, huongea. Akiumia sana, huongea haraka. Hilo halikuandikwa kwenye kitabu chochote cha ukunga. Madina hangeweza kulijua.

Lul alishika shuka mkononi. Wivu ukamwambia, ngoja. Hii ndiyo siku yake. Mwache nayo.

Alilikunja lile shuka. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Iftin akafika kwenye viatu. Sauti yake ikapanda na kuanza kukimbia.

Lul akaliachia shuka na kulivuta pazia. "Madina, huyo akiumia huongea."

Madina angeweza kusema, mgonjwa ni wangu. Sheria ya wodi ilikuwa upande wake. Lakini alimtazama Lul usoni. "Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemzaa."

Madina alikuwa tayari ana glavu. Akapima. Njia ilikuwa imefunguka yote. Akainama na kile kipembe, akasikiliza, na uso wake ukabadilika. Moyo wa mtoto ulikuwa umepungua mwendo. Akasimama. Hapa palihitaji mtu aamue, na aamue sasa. Madina alizoea kuuliza, na hapakuwa na wa kumwuliza ila mmoja.

"Lul," akasema, "mimi nimeuliza vya kutosha. Wewe unaona nini?"

"Alale ubavu wa kushoto. Mwiteni daktari, lakini hatumngoji. Iftin, nyamaza habari za viatu. Sukuma."

Kichwa kilitoka na kitovu kimezunguka shingo, kimekaza. Mkono wa Lul ulikibana na kukikata, na wenzake wanasema hawakuuona ulivyokwenda. Mtoto wa kiume akatoka, amelegea, rangi si rangi. Lul alimkausha na kumsugua mgongo, akamwekea kinyago cha hewa. Akaminya pampu. Akaminya tena. Wakati huo wote Madina alikuwa ameushika uso wa Iftin kwa mikono miwili, asigeuke kutazama, akimwambia maneno ya polepole.

Mtoto akalia.

Iftin akasema kwa sauti iliyokauka, "Hooyo, sikumaliza kuhesabu viatu."

"Utahesabu kesho," Lul akasema, na akakaa kwenye kigoda cha Madina.

Baadaye, wawili hao walikuwa wakinawa mikono kwenye sinki moja. Lul alingoja Madina ajitetee. Alikuwa amelingoja neno lake kwa miaka mingi. Madina alifunga bomba.

"Leo nimeijua siku yangu," akasema. "Niliuliza swali zuri kwa mtu ambaye halikumfaa."

Lul anasema alitegemea utamu. Haukuja. Aliliona shuka likiwa bado pale chini ya pazia, akaenda kuliokota.

Msidhani wivu uliishia hapo. Wageni walipokuja kumwona mtoto, aliyeitwa Hirsi, Iftin aliwasimulia wote, "Madina alinishika uso. Mikono yake ina joto, wallahi." Wakaondoka wakimsifu Madina. Mkono uliokata kitovu haukutajwa. Lul aliwapitishia wageni sambusa.

Lakini wodini jambo moja lilibadilika. Madina akawa anamwita Lul. "Njoo uangalie huyu, halafu nenda zako." Na Lul akianza kusema "bado kabisa," alijizuia na kusema, "Madina, hebu muulize." Mafahali wawili hawakai zizi moja, wahenga walisema. Hawa walikaa, ila kwa kukanyagana kwato. Na kina mama waliolala baina yao walipata jicho na sikio kwa pamoja.

Kisha Madina akaugua. Yalikuwa maradhi ya figo. Aliacha kazi, akakaa nyumbani kwa mdogo wake, Tuye, hapa hapa mjini. Siku ya mwisho Lul alikwenda kumwona, amebeba chupa ya maziwa ya ngamia aliyonunua kwa kina mama wa barabarani. Akavuta kigoda, akaketi, uso wake chini kidogo ya uso wa mgonjwa.

"Umejifunza kukaa," Madina akasema.

"Magoti yananiuma, si kujifunza."

Madina akauliza habari za wodi. Lul akamweleza. Akauliza habari za Hirsi. Lul akamweleza kirefu, jinsi anavyopanda juu ya kila kitu, jinsi alivyomwaga uunsi wa mama yake. Madina alitabasamu.

"Basi na wewe," Lul akasema kwa mzaha. "Ngamia wa mzee Guracha je?"

Wasikilizaji, wale ngamia sasa anawachunga kaka yake Madina, huko mbele ya Wajir. Miaka yote wodini, ukimgusia Madina habari zao, chai yako ilipoa. Alikutajia kila mmoja kwa jina. Yule mweupe asiyependa wageni. Yule mzee aliyewahi kupotea akarudi peke yake na mvua.

Madina akasema, "Wazima."

Akanyamaza. Akatazama mbali.

Jicho la Lul lilikuwa limemwambia tangu alipovuka kizingiti, naye alikuwa amekataa kulisikiliza. Sasa sikio lilisema hilo hilo. Akaweka kikombe chini.

"Tuye," akaita, "wacha hiyo sufuria. Njoo ukae na dada yako."

Tuye alikuja, mikono ina unga. Wakakaa, mmoja huku, mmoja kule. Lul aliushika uso wa Madina kwa mikono miwili. Kwanza alikuwa ameisugua mikono yake ikapata joto. Kabla ya adhana ya alasiri, Madina Guracha alikuwa amekwenda. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun.

Katika siku za taazia nyumba ilijaa. Walikuja kina mama na watoto mgongoni, watoto wakubwa wanaotembea, hata kijana mmoja mwenye ndevu aliyesema alizaliwa mikononi mwa marehemu. Lul aliwatazama mlangoni na kujiuliza, na sina haki ya kuwaficha, kama siku yake watakuja hivi.

Tuye akamletea chai. Akaketi karibu yake. Maneno haya Tuye aliyarudia kwetu, nami nayaleta kama yalivyo.

"Dada yangu alikuwa na wivu na wewe," Tuye alimwambia Lul.

Lul alidhani amesikia vibaya. "Madina? Na mimi?"

"Ulikuwa hujui? Alirudi hapa jioni anagonga masufuria. Anasema, yule Lul ameingia, ametazama, ameamua, amerudi kula chapati yake. Mimi nimeuliza mpaka ulimi umekauka. Anasema, Tuye, mimi nauliza kwa sababu sioni. Ningekuwa na jicho la Lul ningekaa kimya kama malkia."

Lul alicheka pale pale, matangani, mpaka wazee wakageuka. Halafu kicheko kikageuka kikawa kingine, na Tuye akamshika bega.

Wiki iliyofuata Lul alirudi kazini. Alishuka mama mmoja kutoka Modogashe, aitwaye Fosia, amefunikwa vumbi la barabara. "Natafuta ile sista ya kuuliza ngamia," akasema. "Shangazi yangu amesema nisikubali mwingine."

Lul alisimama. Kwa pumzi moja alitaka kusema, ni mimi.

"Sista huyo amefariki," akasema. "Naitwa Lul. Mimi si kama yeye. Lakini najua pale alipokuwa anaanzia." Akampima, akaandika, akavuta kile kigoda. "Mvua imefika kwenu?"

Fosia alijibu. Lul hakumkatiza. Anasema ilikuwa kazi nzito kuliko kusukuma lori. Walifika kwa ngamia kabla ya saa sita, na mtoto wa kike alizaliwa salama, mnene, mwenye kelele.

"Tutamwita Madina," Fosia akasema.

Lul alikuwa anamfunika yule mtoto. "Nimempokea mimi," akanung'unika, "nimemkausha mimi, na jina amelichukua yeye. Hata akiwa udongoni ananipita." Kisha akainama chini ya kitanda, akageuza viatu vya Fosia, vikatazama nje.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Madina Guracha. Mkunga. Binti wa mchungaji. Kwa Tuye, mdogo wake, kwa kaka yao aliye nyuma ya ngamia huko malishoni, kwa wauguzi wa wodi ile, na kwako Lul, tunawapa pole sisi sote tulio nyuma ya kipaza sauti hiki. Mungu ampe kaburi pana, na awape ninyi subira.

Nanyi mnaosikiliza, nina ombi dogo. Kuna mtu unamwonea wivu. Humtaji, lakini unamjua. Leo jiulize umemwona akitenda wema gani, maana huenda ni wewe peke yako uliyeuona. Umwambie akiwa bado anasikia.

Na ukimsalimu jirani, ukamwuliza habari uliyozoea kuambiwa kirefu, naye akakujibu kwa neno moja, usipite. Vuta kigoda. Kaa.